Kutoka Sisimizi Hadi Simba: Namna ya Kutafuta na Kufupisha Utafiti wa Ikolojia

Wanafunzi wengi wa chuo wakipewa kazi ya kufupisha makala ya kisayansi huogopa Kiingereza chake kigumu na hesabu zake. Hayo yana dawa: kamusi ipo, na mwenzako aliyefaulu takwimu yupo. Tatizo zito zaidi ni kwamba makala moja husema mambo mengi ambayo hayana uthibitisho sawa. Lipo lililopimwa kwa jaribio, lipo lililoonekana kwa kufuatilia wanyama porini, na lipo ambalo watafiti wenyewe wanalikisia tu. Ukiyaandika yote kwa sauti moja ya uhakika, umepata muhtasari mfupi unaosema uongo, hata kama kila sentensi yake umeitoa ndani ya makala.

Kwa hiyo katika mwongozo huu nitakuwa nikirudi kwenye swali hilo moja: hili limejulikanaje? Nitatumia mfano wa kweli kutoka Laikipia, Kenya, ambako kwa miaka mingi watafiti wamechunguza aina moja ya mgunga, sisimizi wanaoishi ndani ya miiba yake, na wanyama wakubwa wanaoula. Ni mfano mzuri kwa sababu makala zake zinafuatana, zinajibizana, na kuna mahali zinaonekana kupingana.

Makala gani inakubalika?

Mhadhiri anapotaka makala iliyopitiwa na wataalamu, anamaanisha makala ambayo mhariri wa jarida aliipeleka kwa watafiti wengine wa fani hiyo, aghalabu wawili au watatu, wakaisoma, wakaikosoa, na wakashauri ichapishwe, irekebishwe au ikataliwe. Utaitambua kwa umbo lake. Ina ikisiri mwanzoni, sehemu ya mbinu, matokeo, mjadala na orodha ndefu ya marejeo. Majarida mengi pia huonyesha tarehe makala ilipopokelewa na tarehe ilipokubaliwa, na kati ya tarehe hizo mara nyingi kuna miezi kadhaa.

Usidhani kila kinachochapwa katika jarida kubwa kimepita njia hiyo. Science na Nature huchapisha pia habari, maoni ya wahariri, barua na mapitio ya vitabu. Habari yenye picha nzuri kuhusu utafiti si utafiti wenyewe. Makala ya mapitio, ile inayokusanya tafiti za wengine na kuzipima, hupitiwa na wataalamu na ni mahali pazuri pa kuanzia kusoma, lakini mhadhiri akitaka utafiti wenye data yake yenyewe, haitamtosha. Ripoti za mashirika, tasnifu za wanafunzi, na machapisho ya taasisi za utafiti wa wanyamapori kama TAWIRI ya Arusha yana manufaa makubwa, hasa kwa idadi za wanyama na historia ya eneo. Yatumie kueleza mazingira ya utafiti, ila usiyahesabu miongoni mwa makala ulizoagizwa. Vivyo hivyo maandiko ya awali yanayowekwa kwenye tovuti ya bioRxiv kabla ya kupitiwa: yasome, lakini angalia kama toleo lililochapishwa jaridani limekwisha kutoka.

Yapo pia majarida ya ulaghai, yanayomwahidi mtafiti kuchapishwa ndani ya siku chache mradi alipe. Kutoza ada peke yake si dalili ya ulaghai, kwa kuwa majarida mengi ya heshima yanayosomwa bure duniani huendeshwa kwa ada za waandishi. Angalia wahariri ni nani na wako chuo gani, kama jarida limo katika DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure, na kama makala zake za nyuma zina mbinu zinazoeleweka. Ukiona jarida linalochapisha ikolojia, udaktari wa meno na uhasibu katika toleo moja, liache.

Hata upitiaji wa kweli si muhuri wa ukweli. Mwanzoni mwa 2020 jarida la The American Naturalist liliifuta makala kuhusu tabia za buibui wanaoishi kwa makundi, baada ya kugundulika kwamba data yake ilikuwa na namba zilizojirudia bila maelezo ya kuridhisha. Makala hiyo ilikuwa imepitiwa na wataalamu kama nyingine zote. Wapitiaji husoma hoja na mbinu. Ni nadra kuikagua kila namba. Ndiyo maana kabla ya kuichagua makala ni lazima uifungue kwenye ukurasa wa jarida lenyewe, ambako tangazo la kufutwa au kusahihishwa huwekwa juu kabisa. Ukitumia nakala uliyotumiwa na rafiki kwa WhatsApp, tangazo hilo hutaliona.

Kutafuta

Anza na swali, wala usianze na mada. Ukiandika simba katika Google Scholar utapata makala nyingi kuliko utakazosoma maisha yako yote, na hutajua uchague ipi. Ukijiuliza kama mdudu mgeni anaweza kubadilisha namna simba anavyowinda, tayari una vitu vitatu vya kutafuta: mdudu, simba, na kinachowaunganisha.

Majarida mengi ya ikolojia huandikwa kwa Kiingereza, na majina ya kawaida ya mimea na wanyama hubadilika kutoka mwandishi hadi mwandishi. Jina la kisayansi ndilo linalokutoa kwenye msongamano huo. Sisimizi vamizi mwenye kichwa kikubwa aliyeingia Laikipia ni Pheidole megacephala. Andika jina hilo ndani ya alama za kunukuu, ongeza jina la mahali, na orodha itapungua mara moja.

Ila majina ya kisayansi nayo yana mtego, na wanafunzi wa savana za Afrika hunaswa nao kila mwaka. Mgunga ninaouzungumzia, ule ambao miiba yake huvimba ikawa na uwazi ndani na upepo ukipita hupiga mluzi, katika makala za zamani unaitwa Acacia drepanolobium. Mwaka 2005, katika mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa mimea uliofanyika Vienna, iliamuliwa kwamba jina Acacia libaki na jamii ya miti ambayo mingi yake iko Australia, na uamuzi huo ukadumishwa Melbourne mwaka 2011. Migunga ya Afrika ikagawanywa katika majina mengine, na huu wetu sasa ni Vachellia drepanolobium. Ukitafuta kwa jina jipya tu unapoteza utafiti wa miongo mizima. Tafuta kwa majina yote mawili, ukiyatenganisha kwa neno OR lililoandikwa kwa herufi kubwa.

Ukishapata makala moja nzuri, acha kuandika maneno ya kutafutia. Fuata nyayo zake. Orodha ya marejeo inakurudisha nyuma, kwenye kazi zilizoitangulia. Kiungo kinachoonyesha nani wameinukuu, ambacho Google Scholar hukiweka chini ya kila makala, kinakupeleka mbele kwenye kazi zilizofuata. Katika mfano wetu, shika makala ya Douglas Kamaru, mtafiti Mkenya, na wenzake iliyotoka katika Science Januari 2024. Marejeo yake yanakupeleka kwa Corinna Riginos na wenzake, 2015, katika jarida la Ecology, walioonyesha kwamba uvamizi wa sisimizi hao huongeza madhara ya tembo kwenye miti. Kutoka hapo unafika kwa Jacob Goheen na Todd Palmer, 2010, katika Current Biology, kuhusu sisimizi wenyeji wanavyowazuia tembo. Na kwa Palmer na wenzake, 2008, tena katika Science. Kwa muda wa mchana mmoja unakuwa na makala nne zinazozungumza zenyewe kwa zenyewe. Kazi yako haitakuwa tena makala zilizookotwa huku na huku kwa sababu tu zilitokea ukurasa wa kwanza.

Usiyapuuze majarida ya nyumbani. African Journal of Ecology lilianza mwaka 1963 likiitwa East African Wildlife Journal, na wanyama na misitu yetu imejaa humo. Ukisoma ikolojia ya bahari, Western Indian Ocean Journal of Marine Science, la shirika la WIOMSA lenye makao Zanzibar, linasomwa bure. Tovuti ya AJOL inakusanya majarida ya Afrika ya fani nyingi, na ndani yake utakuta tafiti za vyuo vyetu ambazo injini kubwa za kutafutia huzizika mbali.

Utakutana na ukuta wa malipo. Usilipe. Kwanza uliza mkutubi wa chuo kama mmejiunga na Research4Life, mpango unaovipa vyuo vya nchi zenye kipato kidogo na cha kati majarida bure au kwa bei nafuu; vyuo vingi vya Afrika Mashariki vimo, na wanafunzi wengi wanamaliza miaka yao yote bila kulijua neno la siri. Mkutubi ndiye mtu ambaye wanafunzi wetu wanamtumia kidogo kuliko wote, na hilo linanisikitisha, kwa kuwa nusu saa naye inaokoa wiki. Pili, weka Unpaywall kwenye kivinjari chako. Programu hiyo hukuonyesha kama kuna nakala halali ya bure mahali pengine. Tatu, mwandikie mwandishi. Anwani ya barua pepe ya mwandishi wa mawasiliano huwa kwenye ukurasa wa kwanza wa makala. Jitambulishe kwa jina na chuo, taja kichwa cha makala, eleza kwa sentensi moja unaihitaji kwa ajili gani, na umshukuru. Watafiti hufurahi kusomwa, na wengi hujibu.

Programu za akili mnemba zinazojibu maswali zinaweza kukusaidia kupata maneno ya kutafutia au kukufafanulia jaribio la takwimu usilolijua. Usizitumie kama chanzo cha orodha ya marejeo. Hubuni makala ambazo hazipo, zikiwa na waandishi wa kweli, jarida la kweli na mwaka unaoaminika. Kila rejeo unalopewa, chukua namba yake ya DOI uiweke doi.org. Isipofungua makala yenye kichwa kile kile, lifute.

Kusoma

Usianze mwanzo ukaenda hadi mwisho. Soma ikisiri, kisha vielelezo na majedwali, kisha mbinu, kisha matokeo. Mjadala na utangulizi viache mwisho, kwa sababu huko ndiko waandishi wanakokushawishi, na ni vizuri uwe umeshaona walichokipata kabla hujasikia wanavyokitafsiri.

Tuichukue makala ya 2024. Hadithi yake ni ya kuvutia mno, na ndipo hatari ilipo. Katika tambarare za udongo mweusi za Laikipia, mgunga wenye miiba iliyovimba unatawala. Ndani ya miiba hiyo huishi sisimizi wenyeji wa jenasi Crematogaster. Mti huwapa nyumba na maji matamu; wao huulinda kwa kumwandama yeyote anayekuja kula majani, hata tembo. Sisimizi vamizi alipoingia aliwaangamiza wenyeji hao, na yeye haulindi mti. Tembo wakaanza kuila na kuivunja miti, na nchi ikawa wazi. Simba humvizia pundamilia akijificha kwenye vichaka. Pale palipokuwa wazi, pundamilia hawakuuawa kwa urahisi kama zamani. Hata hivyo idadi ya simba haikupungua, na huenda ni kwa sababu waligeukia nyati.

Sasa vunja hadithi hiyo vipande, na kila kipande kiulize kimejulikanaje. Watafiti wenyewe wanasema walitumia njia tatu: majaribio, ufuatiliaji wa wanyama, na uchunguzi wa mizoga. Sehemu inayohusu miti, tembo na uwazi ilijaribiwa kwa viwanja, vilivyovamiwa na visivyovamiwa, vingine vikiwa na uzio unaozuia wanyama wakubwa. Hapo unaweza kutumia kitenzi chenye nguvu: wameonyesha. Sehemu ya simba na pundamilia ilitoka kwenye simba waliovalishwa kola na mahali mizoga ilipokutwa. Huo ni ushahidi mzuri, lakini hakuna mtu aliyewapangia simba waende wapi. Watafiti walilinganisha mahali na mahali. Kwamba simba hawakupungua ni jambo lililohesabiwa. Na kwamba hawakupungua kwa sababu ya kugeukia nyati, hapo ikisiri yenyewe inaweka neno la tahadhari: huenda. Neno hilo dogo likipotea katika muhtasari wako, umewasingizia watafiti jambo wasilolisema. Nimesoma mihtasari mingi ya wanafunzi, na mara nyingi neno linalodondoka njiani ni hilo.

Namba nazo zinahitaji uangalifu wa namna hiyo hiyo. Makala inaeleza kwamba uwezekano wa pundamilia kuuawa ulikuwa mara 2.87 zaidi katika maeneo yasiyovamiwa. Pia inaeleza kwamba mwaka 2003 pundamilia walikuwa asilimia 67 ya windo la simba na nyati asilimia 0, na mwaka 2020 pundamilia walikuwa asilimia 42 na nyati asilimia 42. Ni makosa kuzichanganya. Namba ya kwanza inalinganisha mahali, na nyingine zinalinganisha miaka. Ya kwanza ina nguvu zaidi katika kueleza athari ya sisimizi, maana kati ya 2003 na 2020 mengi mengine yanaweza kubadilika katika Hifadhi ya Ol Pejeta, ulikofanyika utafiti huu: mvua, idadi ya nyati, ulinzi, hata namna ya kutafuta mizoga. Halafu kumbuka asilimia hizo ni mgawo wa windo. Hazikuambii pundamilia wangapi waliuawa. Mgawo unaweza kushuka hata kama idadi haijashuka, ikiwa windo lingine limeongezeka. Na kutoka 67 hadi 42 ni kushuka kwa pointi 25 za asilimia. Ukiandika kwamba umepungua kwa asilimia 25, umekosea, kwa kuwa kwa hesabu hiyo ni karibu asilimia 37.

Jambo jingine la kuliangalia katika mbinu ni nini hasa kilichorudiwa. Mwaka 1984 Stuart Hurlbert alichapisha katika Ecological Monographs makala iliyowatikisa wanaikolojia, akionyesha ni mara ngapi wenzake walihesabu vipimo vingi vya mahali pamoja kana kwamba ni majaribio mengi yanayojitegemea. Ukipima miti 100 ndani ya eneo moja lililovamiwa na miti 100 ndani ya eneo moja lisilovamiwa, huna sampuli 100 za uvamizi. Una moja dhidi ya moja. Kwa hiyo usinakili tu ukubwa wa sampuli; tafuta viwanja vilikuwa vingapi, vilitawanywaje, na vipi vilikuwa viwanja vya ulinganisho. Kama makala ina viambatisho, maelezo hayo mara nyingi yamejificha huko, hasa katika Science na Nature ambamo nafasi ni finyu.

Makala mbili zinapoonekana kupingana

Hapa ndipo kazi ya darasani inapogeuka kuwa ikolojia ya kweli, na ningependa ukae hapa kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Ukisoma makala ya 2024 peke yake, unaweza kuondoka na wazo kwamba tembo huiangamiza migunga hii. Sasa fungua ile ya 2008. Palmer na wenzake walitumia viwanja vya jaribio la KLEE, lililoanzishwa Laikipia mwaka 1995: viwanja 18, kila kimoja hekta 4, ambamo uzio wa aina mbalimbali huamua ni wanyama gani waingie na gani wasiingie. Baada ya miaka 10 ya kuwazuia wanyama wakubwa wanaokula majani, mtu angetarajia miti istawi. Haikustawi. Mti usioliwa ulipunguza maji matamu na nyumba unazowapa sisimizi walinzi. Walinzi wakadhoofika, na nafasi yao ikachukuliwa na sisimizi wa aina nyingine asiyehitaji zawadi hizo. Miti aliyoikalia huyo ilishambuliwa zaidi na mbawakawa wanaotoboa mashina, ikakua polepole, na vifo vyake vilikuwa maradufu ya ile iliyokaliwa na walinzi.

Je, tembo wanaua miti au kuondolewa kwao ndiko kunakoua miti? Makala zote mbili ni sahihi. Tofauti iko kwenye sisimizi. Walinzi wakiwapo, kuliwa kidogo kidogo na wanyama wakubwa ndiko kunakoufanya mti uendelee kuwalisha walinzi wake. Walinzi wakiangamizwa na mvamizi, mti unabaki bila silaha mbele ya tembo wale wale. Mwanafunzi akiandika kwamba makala hizi zinapingana, amesoma matokeo bila kusoma hali ambayo matokeo hayo yalipatikana. Akieleza hali hizo mbili kwa sentensi tatu tu, amefanya kilichokusudiwa na zoezi zima.

Njia ya kugundua hili ni rahisi. Kwa kila makala, andika kwenye karatasi: wapi, lini, kwa muda gani, nini kilibadilishwa, nini kilipimwa, na nini kiliachwa kama kilivyokuwa. Ziweke karatasi hizo sambamba. Tofauti ya matokeo mara nyingi utaikuta imeanzia kwenye mstari mmojawapo.

Kuandika

Funga makala. Namaanisha uifunge kweli, ufunike kompyuta. Kisha mweleze mtu kwa Kiswahili, mwenzako wa bwenini au mdogo wako nyumbani, watafiti walifanya nini na walipata nini, hata kama kazi yenyewe utaiwasilisha kwa Kiingereza. Sababu yake ni kwamba maneno ya makala hayatakufuata, kwa hiyo huwezi kuiba sentensi bila kujua. Mahali utakapokwama ndipo hujapaelewa. Rudi ukapasome hapo tu.

Baada ya hapo andika. Hivi ndivyo ningeiandika ile ya 2024 kama ningepewa maneno yapatayo 100:

Kamaru na wenzake (2024) walichunguza katika Hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia, kama sisimizi vamizi Pheidole megacephala hubadilisha uwindaji wa simba. Kwa kutumia viwanja vya majaribio, ufuatiliaji wa wanyama na uchunguzi wa mizoga, walionyesha kwamba uvamizi huondoa sisimizi wanaoilinda migunga, tembo huiharibu miti, na uoto huwa wazi zaidi. Uwezekano wa pundamilia kuuawa ulikuwa mara 2.87 zaidi katika maeneo yasiyovamiwa. Idadi ya simba haikupungua. Watafiti wanadhani simba wamefidia kwa kuwinda nyati, ambao mgawo wao katika windo ulipanda kutoka asilimia 0 mwaka 2003 hadi 42 mwaka 2020. Matokeo ni ya hifadhi moja, na sababu ya kugeukia nyati haikujaribiwa moja kwa moja.

Angalia vitenzi: walichunguza, walionyesha, wanadhani. Kila kimoja kina kipimo chake cha uhakika. Angalia pia kwamba mahali pametajwa. Mwanafunzi akiandika kwamba simba wa Afrika wamebadili chakula kwa sababu ya sisimizi, amechukua hifadhi moja akaitandaza juu ya bara zima. Na angalia kilichoachwa: historia ya mdudu huyo, sifa za mgunga, majina ya waliofadhili. Ni mambo mazuri, lakini swali la makala halijibiwi nayo.

Sentensi ya mwisho ya muhtasari huo ni tathmini. Wahadhiri wengi huitaka, na wanafunzi wengi huijaza kwa lawama za jumla: sampuli ilikuwa ndogo, utafiti zaidi unahitajika. Hizo zinaweza kubandikwa kwenye makala yoyote duniani, kwa hiyo hazisemi kitu. Tathmini yako itoke kwenye makala yenyewe. Hapa ungeweza kuuliza, kwa mfano, kama simba wataendelea kumudu windo kubwa na la hatari kama nyati, au kama mlinganisho wa 2003 na 2020 unaweza kutenganisha athari ya sisimizi na mabadiliko mengine ya miaka hiyo 17.

Kunukuu neno kwa neno katika muhtasari wa ikolojia karibu hakuhitajiki kabisa. Unukuu tu pale ambapo watafiti wamefafanua istilahi yao wenyewe. Kubadilisha maneno mawili matatu ya sentensi yao na kuacha mpangilio uleule bado ni wizi wa kitaaluma, na programu za kukagua zinaukamata. Tumia Zotero, ambayo ni ya bure, kuhifadhi makala na kupanga marejeo, lakini pitia kila rejeo kwa macho yako: programu hukosea herufi kubwa, na huacha majina ya kisayansi bila italiki. Jenasi huanza kwa herufi kubwa, spishi kwa herufi ndogo, na yote mawili huandikwa kwa italiki.

Kabla ya kuwasilisha, chukua kalamu na upigie mstari kila namba iliyo katika muhtasari wako. Rudi kwenye makala, itafute moja moja, hakikisha kipimo chake, mwaka wake, na inalinganisha nini na nini. Kisha mpe kazi hiyo mtu ambaye hakuisoma makala, umwulize watafiti walifanyia kazi wapi, walipima nini, na ni lipi wanalolikisia. Akishindwa kujibu swali la tatu, tafuta kwenye aya yako kitenzi chenye nguvu kuliko ushahidi wake, ukibadilishe.